Pweza aliyeatamia miezi 53

Kuku huatamia siku 21. Aliyekulia kwenye nyumba yenye banda hahitaji kalenda kuijua hesabu hiyo. Siku ya kumi na tisa au ya ishirini, yai likiwekwa sikioni husikika kitu kikigotagota kwa ndani. Siku ya ishirini na moja vifaranga wanalia. Yai litakalokaa kimya hadi siku ya ishirini na nne ni viza, la kutupwa. Bata humzidi kuku kwa wiki moja. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22, na hapo wengi wetu hudhani subira ya uzazi imefika kikomo.

Haijafika. Nje ya pwani ya California nchini Marekani, karibu mita 1,400 chini ya uso wa Bahari ya Pasifiki, pweza mmoja alikaa juu ya mayai yake kwa miezi 53. Ni miaka minne na miezi mitano. Mtoto aliyezaliwa siku pweza huyo alipoanza kuatamia, angekuwa anakwenda chekechea siku mayai yalipoanguliwa. Katika kumbukumbu zote za sayansi, hakuna mnyama mwingine aliyeonekana akiatamia au kubeba mimba kwa muda mrefu kiasi hicho.

Habari hii ilichapishwa Julai 2014 na watafiti watatu, Bruce Robison, Brad Seibel na Jeffrey Drazen, katika jarida la PLOS ONE. Tangu hapo mama huyu hutajwa kila penye mazungumzo ya maajabu ya bahari, na mara nyingi hutajwa kama mfano wa upendo wa mama. Upendo tumwachie mwenyewe. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni kitu kingine: baridi, na bei ambayo baridi humtoza anayezaa ndani yake.

Ukuta ule ule

Bonde la Monterey ni korongo kubwa lililochimbika kwenye sakafu ya bahari. Mwanzo wake uko karibu kabisa na bandari ndogo ya Moss Landing, kwa hiyo meli ya utafiti haina haja ya kusafiri siku nyingi kuyafikia maji ya kina kirefu. Hapo bandarini ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa bahari ya MBARI, iliyoasisiwa 1987 na David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hewlett-Packard. Watafiti wake hushusha majini roboti yenye taa, kamera na mikono ya chuma, iliyofungwa kwenye meli kwa kebo ndefu. Rubani wa roboti hiyo hakai ndani yake. Anakaa juu melini, mbele ya skrini, na kikombe chake cha kahawa pembeni.

Aprili 2007 roboti ilifika kwenye ukuta wa mwamba, kina cha mita 1,397. Watafiti walimwona pweza jike akitambaa peke yake kuuelekea ukuta ule. Siku 38 baadaye, mwezi Mei, walishuka tena wakamkuta ameshajibandika mwambani, mwili wake umeyafunika mayai. Walimjua kuwa ndiye yuleyule kwa makovu aliyokuwa nayo.

Ugunduzi wote uliofuata ulijengwa juu ya zile siku 38. Pweza wengi wa kina kirefu wamewahi kuonekana wakiwa juu ya mayai, lakini anayekutwa tayari anaatamia hana tarehe ya kuanzia. Huyu alionekana kabla hajataga. Saa yake ilianza kuhesabiwa ikiwa kwenye sifuri.

Wakawa wanarudi. Mara 18 kwa jumla waliteremsha roboti kwenye ukuta ule, na kila walipofika alikuwa pale pale. Mayai, yenye umbo la tone la machozi na kila moja limegandishwa mwambani kwa ncha yake, yalikuwa yakikua. Baadaye hata vitoto vilionekana ndani ya maganda. Mama yeye alikuwa akienda kinyume. Mwanzoni ngozi yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia na mikunjo iliyojaa. Miaka ilivyopita ikapauka, ikalegea, na macho yakaingia ukungu kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Akapungua mwili.

Kaa na kamba walipita karibu naye, vyakula ambavyo pweza wa kawaida hawezi kuviachia. Hakuwashika. Walipomkaribia mno aliwasukuma mbali. Watafiti walijaribu kumlisha: mkono wa roboti ukamsogezea vipande vya kaa hadi mbele yake. Akavikataa. Katika ziara zote 18 hakuonekana akila hata mara moja.

Mara ya mwisho kumwona akiwa kazini ilikuwa Septemba 2011. Oktoba roboti iliporudi, ukuta ulikuwa hauna mtu. Yalibaki maganda yaliyochanika, yakining'inia pale alipokuwa. Watafiti waliyahesabu wakakadiria kwamba mayai yalikuwa kati ya 155 na 165. Maganda yale yalikuwa na sura ya maganda ambayo wenyewe wametoka.

Ukimpasua, huukuti wino

Msomaji wa pwani anamjua pweza kwa mikono yake. Amemwona akipigwapigwa juu ya jiwe ili alainike, akachemshwa, akakatwa vipande juu ya kibao cha muuza supu jioni. Anajua kwamba kile watu wanachokiita kichwa hasa ni tumbo: ndani yake mna ini, matamvua ya kuvutia pumzi, mioyo mitatu na damu ya rangi ya buluu, kwa kuwa kinachobeba hewa katika damu hiyo ni shaba badala ya chuma. Anajua pia kwamba anayemsafisha pweza bila uangalifu hupasua kifuko cha wino akachafua sinia zima.

Pweza anayeuzwa Feri, Forodhani au Lamu kwa kawaida ni Octopus cyanea, pweza wa miamba ya matumbawe. Mweke mezani kando ya binamu yake wa Monterey, ambaye jina lake la kitaalamu ni Graneledone boreopacifica. Tofauti zinaonekana kwa macho. Mnyiri wa pweza wetu una vikombe vya kunyonyea katika safu mbili. Wa Graneledone una safu moja tu. Ngozi yake imejaa machunjua magumu, hasa juu ya macho. Na ukimpasua, huukuti wino. Hana kifuko chake kabisa.

Wino ni silaha ya mchana. Pweza wa mwambani hurusha wingu jeusi, adui akapotewa na shabaha, mwenyewe akakimbia. Kina cha mita 1,400 hakuna mwanga wa jua unaofika. Ukimwaga wino gizani utakuwa umemficha nani? Mwili umeacha kugharamia kitu kisichokuwa na kazi, na hili hutokea kwa jamaa wengi wa pweza wanaoishi chini. Baadhi yao wamekwenda mbali mno. Katika bahari yetu hii ya Hindi, kwenye mfereji wa Java, kamera imewahi kumpiga picha pweza mwenye mapezi mithili ya masikio karibu mita 7,000 chini.

Graneledone hakwenda umbali huo. Anapatikana kaskazini mwa Pasifiki, kuanzia Bahari ya Okhotsk upande wa Urusi hadi California, akila konokono wa baharini na viumbe wengine wa sakafuni. Ana mgandamizo wa maji juu yake unaozidi mara 140 ule wa hewa tunayoishi, lakini hilo halimsumbui, kwa kuwa hana mfuko wa hewa wa kubonyea. Kinachotawala maisha yake ni joto la maji. Pale ukutani palikuwa na nyuzijoto 3 hivi za Selsiasi.

Friji ya nyumbani huwekwa kwenye nyuzijoto 4. Mama huyu aliatamia ndani ya kitu baridi kuliko friji.

Pumzi badala ya joto

Neno lenyewe, kuatamia, linatudanganya kidogo. Limezoea kuku. Kuku akilalia mayai huyapa joto la kifua chake, na joto hilo ndilo linaloendesha saa ya kifaranga. Liondoe siku mbili, saa inasimama. Ndiyo maana yai unaloweka kwenye friji hubaki yai.

Pweza hana joto la kutoa. Mwili wake una joto lile lile la maji yanayomzunguka. Akijitandaza juu ya mayai hayapashi moto hata kidogo. Anachoyapa ni pumzi na usafi: kwa mrija wake husukuma maji yapite kati ya mayai ili yapate oksijeni, na kwa minyiri huyapangusa, akiondoa matope yanayonyesha kutoka juu na vijidudu vinavyotaka kuota. Vilevile huyalinda. Yai la pweza lililoachwa wazi sakafuni mwa bahari ni kitafunio cha kila apitaye.

Kazi ya kulinda anaiweza. Kazi ya kuharakisha haiwezi. Chembe za mwili hujigawa kwa kasi inayoamuliwa na joto: maji yakipoa, kila hatua ya ukuaji hurefuka. Pweza wa mwambani anayeatamia katika maji ya vuguvugu ya tropiki humaliza kazi kwa wiki chache. Kabla ya habari za Monterey, rekodi ya pweza ilikuwa ya spishi ya maji baridi ya kaskazini, Bathypolypus arcticus, aliyeatamia miezi 14 akiwa amefugwa. Mama wa Monterey alizidisha muda huo karibu mara nne.

Lakini baridi peke yake haielezi yote. Kuna pia aina ya mtoto anayetakiwa.

Pweza wa mwambani hutaga mayai mamia ya maelfu, madogo kama punje ya mchele, yakining'inia kwa nyuzi kwenye dari ya shimo lake. Vitoto vikiangua huchukuliwa na mkondo, vikaelea na vijidudu vya majini kwa majuma, na karibu vyote huliwa. Ni mchezo wa wingi: tupa laki, wapone wawili. Graneledone anacheza mchezo mwingine. Mayai hayafiki mia mbili, lakini kila moja ni kubwa, limejaa kiini, na mtoto anakaa ndani hadi akamilike. Anayetoka ni pweza kamili mdogo, awezaye kutambaa na kuwinda tangu siku ya kwanza. Vitoto vya Graneledone ni vikubwa na vimekomaa zaidi kuliko vya pweza wengine wanaojulikana.

Mtoto wa namna hiyo ana nafasi nzuri ya kuishi mahali ambapo chakula ni haba. Ila kumkamilisha ndani ya ganda kunataka muda, na muda ndani ya baridi hurefuka maradufu. Mama ndiye anayeulipa, kwa mwili wake. Baridi inamsaidia upande mmoja tu: naye amepoa, matumizi yake ya nishati ni madogo mno, na akiba aliyoingia nayo ukutani inaungua polepole kama mkaa uliofunikwa majivu.

Tezi nyuma ya macho

Kwa nini hali? Swali hili lilipata mwanga mbali na Monterey, tena kwa pweza wa maji ya kina kifupi. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Jerome Wodinsky, aliwafanyia upasuaji majike wa pweza waliokuwa wanaatamia. Akawatoa tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya macho. Majike wale wakayaacha mayai, wakarudi kula, wakanenepa na kuishi miezi zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo njaa ya mama pweza haitokani na kukosa nafasi ya kutafuta chakula. Mwili wenyewe huzima hamu ya kula kwa amri ya tezi, na amri hiyo hiyo humpeleka kaburini mayai yakishaangua. Karibu miaka 45 baadaye, watafiti walipochunguza kemia ya tezi hizo kwa pweza wa California, walikuta kwamba jike akishataga, tezi hubadilisha namna inavyoshughulika na kolesteroli, na baadhi ya mazao yake huongezeka sana.

Pweza, karibu wa kila aina, huzaa mara moja tu. Kwa pweza wa mwambani kifo hicho huja haraka: ameishi mwaka mmoja au mmoja na nusu, amekua kwa kasi ya ajabu, ameatamia wiki chache, amekwisha. Kwa Graneledone, amri ya kuacha kula inatolewa siku moja na utekelezaji wake unavutwa miaka minne.

Waliolifuata joto

Ikiwa mama hana joto la kutoa, je, kuna awezaye kulitafuta?

Kusini-magharibi mwa Monterey, umbali wa kilomita 130 hivi, kuna mlima wa volkano iliyozimika uitwao Davidson. Umeinuka zaidi ya mita 2,200 kutoka sakafu ya bahari, na bado kilele chake kiko mita 1,250 chini ya uso wa maji. Oktoba 2018 roboti ya meli ya utafiti Nautilus ilikuwa ikitambaa chini ya mlima huo, kina cha mita 3,200, watafiti wakirusha picha moja kwa moja kwenye intaneti, ilipopita juu ya kilima kidogo na kumkuta pweza. Kisha wawili. Kisha mamia.

Ni spishi nyingine, Muusoctopus robustus, mwenye ukubwa wa balungi. Majike walikuwa wamejikunja kichwachini-miguujuu, minyiri imezungushwa juu ya mwili, weupe wenye zambarau kidogo, wakibanana kwenye nyufa za mwamba. Kwa mbali walionekana kama lulu zilizomwagwa, na ndivyo Wamarekani walivyowapa jina, pweza wa lulu. Mahali penyewe pakaitwa Bustani ya Pweza. Baadaye watafiti walihesabu karibu pweza 6,000 katika sehemu tu ya eneo, wakakadiria kwamba bustani nzima huenda ina 20,000. Hakuna mkusanyiko mkubwa kuliko huo wa pweza unaojulikana popote duniani.

Kilichowakusanya kilionekana kwenye picha zenyewe: juu ya mwamba maji yalikuwa yakimemeteka, kama hewa inavyocheza juu ya lami saa saba mchana. Maji ya vuguvugu yalikuwa yanachujuka kutoka ndani ya mlima. Maji ya kawaida ya pale yana nyuzijoto 1.6. Ndani ya nyufa zenye viota, kipimajoto kilisoma nyuzi 5 hivi kwa wastani, mahali pengine hadi zaidi ya 10.

Kundi la MBARI likiongozwa na Jim Barry lilirudi hapo mara kwa mara, likaacha hata kamera iliyopiga picha kila baada ya dakika 20 kwa miezi kadhaa. Matokeo yao yalichapishwa Agosti 2023 katika Science Advances. Kwa hesabu ya baridi ya maji yale, mayai ya spishi hiyo yangepaswa kuchukua miaka 5 au zaidi. Bustanini yalichukua mwaka mmoja na miezi tisa au kumi.

Hapo ndipo hesabu inapokamilika. Mama wa Monterey aliatamia ukutani penye nyuzi 3, akalipa miezi 53. Mama wa Davidson, aliye chini zaidi na kwenye baridi kali zaidi, amepata jiko, na amepunguza zaidi ya nusu ya gharama. Kila mwezi uliopungua ni mwezi ambao mayai hayakukaa wazi kwa konokono na kamba, na mwezi ambao akiba ya mama haikuungua. Anachokikosa kifuani amekikuta mwambani.

Akimaliza hufa palepale, na mizoga ya mama hawa huwa karamu ya anemoni, konokono na viumbe wengine waliozunguka bustani. Chini huko chakula hunyesha kidogo kidogo kutoka juu kama vumbi. Mahali ambapo maelfu ya mama huja kufia ni shamba lenye mbolea.

Joto lina hatari yake pia. Kwenye mwamba wa Dorado, nje ya Costa Rica, mwaka 2013 watafiti waliwaona pweza wa jamii hiyo hiyo wakiatamia kwenye maji ya vuguvugu. Walipochunguza mayai hawakuona vitoto vikikua, na ripoti ya 2018 ikaona kwamba huenda mama wale wamejitega wenyewe: maji yenye joto huwa na oksijeni kidogo, na mayai yalikuwa yanakosa hewa. Juni 2023 msafara mwingine ulifika hapo, ukaona mayai yakiangua mbele ya kamera. Mtego haukuwa wa wote. Penye joto la kadiri na hewa ya kutosha, mayai yanaishi. Ukisogea sana jikoni, unaunguza.

Mwamba unaofungwa na mwamba usiofungika

Ukanda wetu una mila mpya inayozidi kukubalika. Vijiji kadhaa vya Unguja, Pemba, Mafia na pwani ya Kenya hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba, mara nyingi kwa miezi mitatu, asivuliwe pweza humo. Majike hupata nafasi ya kutaga na kuatamia, wadogo hukua, na bamvua la kufungua linapofika wanawake wenye vijiti vya chuma na vidau vya jirani hushuka kwa shangwe. Mbinu hii ilijulikana sana baada ya kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kuijaribu mwaka 2004. Inafaulu kwa sababu Octopus cyanea ana haraka. Kwa miezi mitatu uzito wake huongezeka mara nyingi. Funga leo, vuna msimu ujao.

Ni haraka hiyo ambayo pweza wa kina kirefu hana, na sasa kuna watu wenye haja na nyumba yake. Kwenye sakafu ya Pasifiki, zaidi ya mita 4,000 chini, kumetapakaa vinundu vyeusi vya ukubwa wa kiazi, vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, ile ile inayochimbwa Kolwezi nchini Kongo kwa ajili ya betri. Kinundu kimoja hukua milimita chache kwa miaka milioni. Makampuni yanataka kuvizoa.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Autun Purser wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani walionyesha kwamba vinundu hivyo si mawe matupu. Katika bonde la bahari nje ya Peru, waliwakuta pweza wameyabandika mayai yao kwenye mabua ya sifongo waliokufa, na sifongo wale walikuwa wameota juu ya vinundu. Sakafu yote nyingine ni tope laini. Yai halina pa kushika. Hakuna kinundu, hakuna sifongo. Hakuna sifongo, hakuna bua. Hakuna bua, mama hana pa kuatamia. Katika bonde hilo hilo, mwaka 1989, wanasayansi waliwahi kulima kipande cha sakafu kwa makusudi waone kitachukua muda gani kupona. Miaka 26 baadaye sifongo wale wenye mabua walikuwa hawajarudi.

Mlima Davidson una bahati. Uliingizwa katika hifadhi ya bahari ya Monterey mwaka 2008, miaka kumi kabla ya mtu yeyote kujua kuna bustani miguuni pake. Waliouhifadhi walifikiria matumbawe ya kilele, na pweza 20,000 wakapona kwa ulinzi uliowekewa wengine.

Kanuni za bahari kuu bado zinajadiliwa Kingston, Jamaika, yaliko makao ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari. Wanaojadili wangefaa kukumbuka hesabu ndogo. Miezi mitatu ambayo mwanakijiji wa Pemba anaufunga mwamba wake inamtosha pweza wetu kutaga, kuangua na kuacha kizazi. Kwa mama wa Monterey, miezi hiyo mitatu ni kama sehemu moja kati ya kumi na nane ya kazi yake. Ukiufunga ukuta wake msimu mmoja na kuufungua, utamkuta palepale, amepauka kidogo, anasukuma kaa pembeni, na mayai yana miaka minne mbele yake.